Kaka Yangu, Kaka wa Mama

Mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho, harufu yake haiombi ruhusa. Inaingia jikoni, inaingia kwenye nywele, inalala na wewe kitandani. Mwanzo ni tamu, halafu inakuwa chachu, halafu inakuwa kitu cha katikati ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Kwetu Naipingo, wilayani Nachingwea, miezi ile ya joto kabla ya mvua ilikuwa ya harufu hiyo. Tuliamka alfajiri, kaka yangu Issa na mimi, tukaingia shambani na ndoo kuokota korosho zilizoanguka usiku. Issa alikuwa na mkono wa kazi. Alishika bibo, akazungusha korosho mara moja tu, ikabanduka, akaitupa kwenye ndoo bila kutazama, na ikaingia. Mimi nilianza mkorosho huu, nikaona ule kule una nyingi zaidi, nikakimbilia, nikaacha ndoo, nikarudi kuifuata ndoo. Kutulia sikujua, na sijui hata sasa. Issa aliniita Mtetea, kwa sababu kuku anayetaka kutaga naye huzunguka nyumba nzima akilalamika kabla hajaona pa kukaa. Nilikasirika kila aliponiita hivyo, na asiponiita nilimfuata mpaka aniite.

Msimu ule umenirudia mwaka huu kwa sababu ya simu. Ukoo wetu umeamua kukutana Naipingo baada ya Idi, wa Dar es Salaam, wa Lindi na sisi wa huku. Rehema, binti wa mdogo wangu Salma, akajitolea kutengeneza mti wa ukoo kwenye simu yake, ili uchapwe bango kubwa tulitundike siku hiyo. Mimi nimeolewa Ruangwa, ninashona nguo karibu na soko, na sare za siku hiyo ninazishona mimi. Nilikuwa kwenye cherehani Rehema alipotuma picha ya mti kwenye grupu la ukoo. Juu kabisa alikuwepo bibi, mzaa mama. Chini yake watoto wake: Mfaume, mama mkubwa, na mama yetu, Fatuma. Chini ya mama yalikuwepo majina matatu: Marehemu Issa, Hadija, Salma. Hadija ni mimi. Watu wakaanza kutuma dua. Mmoja akaandika kwamba ndiyo kwanza anasikia habari za huyo mtoto, pole sana Bi Fatuma, Mungu amlaze pema. Dua zikapangana mpaka nikachoka kuzisogeza kwa kidole. Mwishoni akaingia mzee wa ukoo, Mjomba Mfaume wa Kiegei, ambaye huwa haandiki, naye akatuma dole gumba. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikafunga duka mchana kweupe na mteja amesimama mlangoni. Huyo Mjomba Mfaume aliyetuma dole gumba ndiye Issa mwenyewe.

Rehema hakukosea kwa uvivu, masikini. Alipiga simu Kiegei kumuulizia Issa, akajibiwa kwamba Issa hayupo siku nyingi. Mtoto aliyekulia Dar akiambiwa mtu hayupo siku nyingi ataandika nini? Nilipompigia alishtuka mpaka sauti ikapotea. "Mama mkubwa, sasa mbona hakuna aliyeniambia? Kama Issa ndiye Mjomba Mfaume, yule Mfaume mwingine niliyemweka juu ni nani?" Nikamwambia ni mjomba pia, ila huyo kweli amekufa. Nikaona ni lazima nimweleze tangu mwanzo, na nilivyokuwa nikimweleza nilikuwa nimeshaanza kuzunguka uwanja mzima wa nyumba yangu, simu sikioni, nikivihamisha vitu visivyohitaji kuhamishwa.

Nilikuwa darasa la tatu. Mjomba Mfaume wa kwanza, kaka mkubwa wa mama, aliishi Kiegei pamoja na bibi. Aliumwa siku chache tu, akafa korosho za mwanzo zikiwa zinaanguka. Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anakulisha, anakupa jina la kuandikia shuleni, na unampenda, lakini anayekaa mbele jambo lako likiwa zito ni mjomba. Mjomba akifa, nyumba za dada zake zote zinabaki wazi. Kwa hiyo jina lake haliachwi. Arobaini ikishasomwa anatafutwa wa kulirithi, naye harithi jina tupu. Mama wa marehemu anakuwa mama yake. Dada wa marehemu wanakuwa dada zake. Wapwa wa marehemu, hata kama jana walikuwa wanagombania naye kipande cha muhogo, wanakuwa wapwa zake, na lazima wamwite mjomba.

Wakati huo bibi alikuwa ameacha kula. Hakukataa chakula. Alinawa, akakata tonge, akalifinyanga vizuri, halafu akalirudisha kwenye sahani kama mtu aliyekumbuka kwamba si lake. Alipungua tukimwona. Mama alitoka Naipingo kwenda Kiegei mara kwa mara na uji kwenye chupa, na uji ulirudi. Nilimsikia akimwambia baba kwamba tunachimba kaburi la pili, basi tu hatujashika jembe.

Arobaini ilipokaribia wazee wa ukoo walikuja kwetu kushauriana, na bibi akaletwa. Alitandika mkeka uani akaomba ndoo yetu ya korosho, ile ya asubuhi, ambamo zile nilizookota mimi zilikuwa bado na mabibo yake. Bibi Kiswahili hakukipenda sana, alikitumia kwa wageni tu. Kwa Kimwera chake alianza kuupanga ukoo kwenye mkeka. Walio hai aliwawekea korosho yenye bibo. Waliokufa aliwawekea korosho kavu. Nilichuchumaa pembeni nikasahau hata kujikuna. Mama yake yule, watoto wake wale, mama mkubwa hapa, mama yetu hapa, na chini ya mama mabibo matatu: Issa, mimi, na Salma aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa utani, "Na mimi mnaniweka wapi?" Mzee mmoja akamjibu kwamba yeye ni mvua, imeshanyesha, tunashukuru. Watu wakacheka, baba naye akacheka. Mahali pa Mjomba Mfaume bibi hakuweka kitu. Alishika korosho kavu, mkono ukabaki hewani, akairudisha kwenye ndoo.

Wazee wakazungumza. Mama mkubwa alikuwa na mtoto wa kiume mtu mzima, lakini alikuwa Dar, na alishatuma salamu kwamba yeye na mambo hayo mbalimbali. Basi wote wakautazama mkeka. Bibi akanyoosha mkono, akachukua bibo la Issa kutoka chini ya mama, akalipandisha juu, akaliweka pale palipokuwa patupu. Chini ya mama sasa palikuwa na pengo, halafu mimi, halafu Salma. Mimi pengo sikuweza kulivumilia. Nikatoa bibo jingine kwenye ndoo nikalitia pale. Bibi hakunitazama. Alilitoa polepole akalirudisha kwenye ndoo, na mama akanifinya paja chini ya khanga kwa nguvu ambayo haikuwa ya kosa langu. Nilimwangalia Issa. Alikuwa akitazama mkeka na mdomo wake wazi kidogo, shati lake lina madoa ya mabibo kifuani, yale yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Siku ya kurithi jina tulikwenda Kiegei sote. Baada ya hitima wakamvisha Issa kanzu ya marehemu, ikamzidi, wakakunja mikono na kumfunga kiunoni. Wakamvisha kofia. Bibi akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Halafu wakamkalisha kwenye kiti cha mjomba, na ndugu wakaanza kupita mmoja mmoja kumsalimia kwa nafasi yake mpya. Alikuwa ndiyo kwanza sauti inamvunjika. Wapwa wakubwa kuliko yeye walimpa mkono wakacheka kidogo, naye akacheka kidogo. Ikafika zamu ya mama. Mama alikuwa mdogo wa marehemu, na marehemu sasa alikuwa amekaa pale. Alipiga magoti mbele ya mwanawe.

"Shikamoo, kaka."

Issa alimtazama. Nafikiri alikuwa akisubiri mama atabasamu, aseme haya basi, imetosha. Mama hakutabasamu, alibaki magotini, macho chini, akingoja jibu. Bibi akamgusa Issa bega. Nilitaka kupiga kelele, na nilishika mdomo wangu mwenyewe kwa mikono miwili. "Marahaba," alisema Issa, sauti ikapanda juu ikaporomoka, "marahaba, dada." Wanawake wakapiga vigelegele na wengine wakalia, na sikuweza kujua nani anafanya lipi. Mama akainuka, akaenda jikoni, akaanza kusugua sufuria lililokwisha kuoshwa. Baba alikuwa nje. Alikuwa ameipindua baiskeli yake na anaifungua mnyororo, na baiskeli ile ilikuwa nzima kabisa. Jioni bibi aliita chakula. Alikula ugali na kisamvu, akaomba aongezwe.

Sisi tulirudi Naipingo, Issa akabaki. Nilikuwa naokota korosho peke yangu, na ninakiri sikuokota, nilizunguka tu. Nyumbani nilikataa kumwita mjomba. Kila nilipotaja Issa, mama alinitazama kama niliyemwaga kitu. Siku moja akanivuta karibu. "Ukimwita hivyo mbele ya bibi yako unamtoa roho. Unataka na mama nimzike?" Sikutaka. Lakini Issa nilimtaka. Nilipoona mtu wa kijijini kwetu anakwenda Kiegei kwa baiskeli, nilimdanganya kwamba nimetumwa, nikapanda nyuma, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumrudisha kaka yangu.

Niliwakuta wanakula, yeye na bibi, kwenye sahani moja. Issa alikuwa anasimulia jambo, anaiga palepale alipokaa jinsi mtu fulani anavyotembea, na bibi alikuwa anacheka mpaka anapangusa macho kwa ncha ya khanga. Alimwita mwanangu. Akamwambia, mwanangu, kula hiki, umekonda. Uso wa bibi ulikuwa umejaa tena. Issa aliponiona aliinuka haraka akanipeleka nyuma ya nyumba. Nilidhani atanikumbatia. Akanishika mabega, akaniambia kwa kunong'ona, "Mtetea, rudi. Akiniona nakwenda na wewe hatakula tena." Nikamwambia mama naye hali. Huo ulikuwa uongo, mama alikuwa anakula vizuri, alikuwa anakula na kufanya kazi na kuongea, na ndiyo maana mimi nilikuwa na hasira. "Mwangalie mama," Issa alisema. "Na usiniite Issa hapa." Nilimchukia bibi siku ile na nilimwonea huruma papo hapo, na sikujua nifanye nini na vitu viwili kama hivyo ndani ya tumbo moja. Wakati wa kuondoka nikasema, "Mjomba, kwaheri." Nilisema kwa ukali ili neno limuume. Alijibu vizuri, kama mjomba.

Na akawa mjomba kweli, siwezi kumnyima. Nilipoolewa alikaa mbele. Nilipogombana na mume wangu alikuja Ruangwa na kanzu yake akatusema wote wawili, na mimi ndiye aliyenisema zaidi. Ukoo mzima humpelekea mashauri yake. Bibi aliishi miaka mingi, akafa amelala, yeye akiwa pembeni yake. Baada ya maziko yale nilikaa nikingoja. Nilidhani sasa mtu atasema, haya, kijana arudi kwa mama yake. Hakuna aliyesema. Alishazoeleka, na watoto waliozaliwa nyuma hawakujua kama kulikuwa na cha kurudisha. Mama aliendelea kumwita kaka. Wauguzi na maofisa wa serikali wakimuuliza ana watoto wangapi, alisema wawili, Hadija na Salma, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kila nilipomsikia, nilitoka nje nikazunguka.

Hayo ndiyo niliyomweleza Rehema. Kesho yake nilipanda basi la Nachingwea, kisha bodaboda mpaka Naipingo. Nilimkuta mama uani anapepeta choroko. Macho yake si mazuri siku hizi, na kusoma hakuwahi, kwa hiyo nilimsomea mti kwenye simu, kuanzia bibi. Aliitikia kwa kichwa kila jina, akaniambia nani alikuwa mkorofi na nani alipenda kuimba. Nilipofika chini yake nikanyamaza. "Endelea," alisema. Nikasoma kama ilivyoandikwa, Marehemu Issa, maana sikuona njia nyingine. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Nani kamzika?"

Nikamwambia hakuna, mama, ni kosa la Rehema, nitamwambia afute. Hakunisikia. "Mimi nimekaa matanga ya mwanangu lini? Nani alikuja kunipa pole?" Sikuwahi kumsikia akisema mwanangu kwa Issa tangu nilipokuwa darasa la tatu. Nilipiga moyo konde nikamuuliza swali lililonitoa Ruangwa: nimwandike wapi, kwake au kwa bibi? Mama akaweka ungo chini, akaokota choroko zilizomwagika, punje kwa punje, na mimi nikaona nitapasuka kwa kungoja. "Mama alikuwa anakufa," alisema mwishoni. "Nikampa mtoto amshike, apate nguvu. Mama ameshakwenda, hakuna aliyenirudishia, na mimi naona haya kudai." Halafu akasema, "Mwandike kwangu. Na kule kwa bibi yako usimfute, atakuwa mpweke."

Rehema amejaribu. Anasema programu inagoma, haikubali mtu awe mtoto wa mwanamke na kaka wa mwanamke huyohuyo, inaandika kwa rangi nyekundu kwamba kuna makosa. Nimemwambia amwandike mara mbili, Mfaume juu na Issa chini, bila lile neno, na picha iwe ileile. Tangu hapo najiuliza, nikiwa natembea, maana kufikiri nikiwa nimekaa siwezi. Wazee wale walimhamisha mtu kwa mkono mmoja mbele ya mama yake, na hakuna aliyeruhusiwa kulia kwa hilo. Watoto wetu hawawezi kufanya hivyo. Wao wanarithi viwanja, majina hawayataki. Lakini bibi angekuwa wa leo angekufa kwa majonzi chumbani mwake, na sisi tungekuwa kwenye grupu tunatuma dua na picha za maua. Zamani ilimwokoa bibi ikamla mama yangu. Leo hailazimishi mtu, na haimwokoi mtu. Ningeambiwa nichague mojawapo nimpelekee mtoto wangu, ningeomba nipewe muda, na muda wote huo nisingekaa.

Siku ile niliondoka kwa mama jua linaelekea kushuka, na kabla sijapata bodaboda nikapiga simu Kiegei. "Eeh, mpwa wangu," alipokea kwa sauti yake ile ya kikao. Nikamwambia habari za mti, kwamba lile neno linafutwa. Akasema wala asingeona vibaya likibaki, watoto wasisumbuliwe. Nikamwambia mama ndiye aliyekataa, na kwamba amesema uandikwe kwake.

Nyuma yake nilisikia watu wanaongea, na jogoo.

"Kasemaje? Sema kama alivyosema yeye."

Nikayarudia maneno ya mama yote, mpaka pale pa kuona haya kudai. Hakukata simu, nadhani aliishusha tu kutoka sikioni, kwa sababu nilimsikia akimwita mtu amletee pikipiki sasa hivi, anakwenda Naipingo.

"Kuna msiba, mjomba?" yule mtu akamuuliza.

"Hapana," alisema kaka yangu. "Nakwenda kwa mama."